Tairi Tatu Zinatosha, Mwanangu

Saa kumi na mbili asubuhi. Stendi ya Kasulu. Baridi inakung'ata masikio kama inakudai. Wana wa Dar wakisikia Kigoma wanawaza ziwa, migebuka, jua la kuchoma. Waambie waje huku juu mwezi wa saba bila koti, halafu ndio tuongee. Umeshuka kwenye basi, begi mgongoni, miguu imekufa ganzi. Mbele yako bajaji zimepanga mstari, taa za bluu na za kijani zinachezacheza utadhani ukumbi wa harusi. Dereva anachomoa kichwa:

"Braza, tusepe. Buku tu."

Buku tu. Hilo neno lishike, maana kitaa chetu chote kinazunguka hapo.

Unapanda. Na hapa ndipo mgeni anapojulikana. Mgeni anakaa pembeni apate upepo na picha ya stetasi. Mwenyeji anajibana katikati, mgongo kaugandisha kwenye siti. Kwa nini? Injini ya bajaji iko nyuma yako, mwanangu. Ikishachemka inakupasha kiuno mpaka roho inatulia. Hita ya bure. Kuna watu wana Crown ya mamilioni, hita imekufa mwaka wa tatu na fundi anawazungusha. Wewe kwa buku unaota moto huku unapelekwa mpaka mlangoni. Nani mjanja hapo?

Mshikaji wangu anaendesha ya bluu, na ile ngoma inabidi uitazame kwa utulivu. Juu ya kioo cha mbele kuna pazia la nyuzi za dhahabu, lile la kaunta za baa. Hendo kazivisha mpira mwekundu na mweupe, maana jamaa ni Simba wa kufa na kuzikana. Chini ya siti ya abiria kuna sabufa, besi ikipiga unaisikia kwenye meno. Kulia ua la plastiki, kushoto tasbihi, katikati kichupa cha manukato chenye umbo la taji. Spidomita ilikufa zamani, kwenye duara lake kabandika picha ya binti yake akiwa na miezi sita, amenuna. Na nyuma, kwa herufi za kung'aa: TULIA UFIKE. Mama mmoja sokoni alimuuliza, "Mwanangu, hiyo bajaji unaendesha au unaioa?"

Sasa jaribu kuitaja hiyo bajaji mbele ya wazee. Pale kijiweni kwao, kikombe cha kahawa mkononi, kofia imeinamishwa. Watakucheka mpaka ukome. Babu yangu wa Kibondo ana sentensi moja anairudia tangu niko darasa la tatu: "Hiyo ni baiskeli imevaa koti." Halafu anakunywa funda, anamalizia: "Gari ni Land Rover." Wenzake wanaitikia kwa vichwa utadhani wanasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Na hakuna hata mmoja kati yao mwenye Land Rover inayotembea. Hata mmoja! Ya babu yenyewe iko chini ya mwembe, kuku wanatagia kwenye siti ya dereva. Tutamfikia, tulia.

Kwanza darasa kidogo, maana wazee wanapenda kusimulia historia lakini kuisoma ni mgogoro. Bajaji ina ukoo wake Italia, 1948. Vita vimeisha, watu wamechoka mbaya, hela hakuna. Kampuni ya Piaggio ilikuwa imeshatoa pikipiki ya Vespa miaka miwili nyuma. Mhandisi wao, Corradino D'Ascanio, jamaa aliyekuwa anaumiza kichwa na helikopta kabla ya vita, anaichukua ile Vespa, upande wa nyuma anaiwekea tairi mbili na boksi la mzigo. Jina lake: Ape. Kwa Kitaliano vespa ni nyigu, ape ni nyuki. Umeipata hiyo? Bibi yake bajaji anaitwa Nyuki! Na Kibondo ndiyo nchi ya asali, mizinga kibao kwenye miombo. Huyo bibi angekuja hapa angejiona yuko kwao.

Italia ikaipa India. Kampuni ya Bajaj ilianza kutengeneza mali za Piaggio kwa leseni karibu na mwanzo wa miaka ya sitini, na Bajaj lenyewe ni jina la ukoo. Mzee wao mwanzilishi, Jamnalal Bajaj, alikuwa mtu wa karibu sana wa Mahatma Gandhi. Kwa hiyo ukisimama barabarani Mwilamvya ukapiga kelele "bajaji!", unaita familia ya watu. Wakenya wanaita tuktuk, wamefuata mlio. Sisi tumefuata ukoo, hata kama ubavuni imeandikwa TVS King.

Kitu kimoja wazee wanakijua na wana haki: tairi moja mbele ni kasheshe. Unamkumbuka Mr. Bean? Kibanda umiza, umekaa kwenye benchi lenye msumari, na kile kigari cha bluu cha tairi tatu ambacho jamaa na Mini yake alikuwa anakichomekea kila mahali mpaka kinalala ubavu. Kibanda kizima kinalia machozi. Kile kigari hakikutungwa kwa ajili ya filamu. Ni Reliant Regal, kilitengenezwa Uingereza, na Waingereza walikipenda kwa sababu sheria yao iliwaruhusu kukiendesha kwa leseni ya pikipiki. Mbele moja, nyuma mbili, kama bajaji yako. Ukikata kona huku umekandamiza breki, uzito wote unakimbilia kwenye pembe ya mbele, na pembe ile haina tairi. Hakuna wa kukudaka. Unalala.

Ndiyo maana dereva mwenye akili anamaliza breki kabla ya kona. Anaingia taratibu, akianza kutoka ndio anavuta mafuta. Na abiria anawapa kazi: "Egemeeni ndani, ndani, ndani!" Mnainama wote kama mnapiga picha ya pamoja. Daladala utabebwa tu kama gunia la mihogo. Bajaji mnaiendesha pamoja.

Ila kona siyo iliyotuchelewesha kupata bajaji huku juu. Barabara ndiyo ilituchelewesha. Vuta picha ya udongo mwekundu wa Kibondo mvua zikiwa zimeuchezea kuanzia mwezi wa kumi na moja. Malori yamepita, yamechimba mifereji miwili, katikati umebaki mgongo. Gari la tairi nne linatia miguu kwenye ile mifereji, linaenda kama treni. Bajaji je? Za nyuma zinatafuta mifereji haziifikii vizuri, ya mbele inapanda mgongoni, inateleza kulia, inateleza kushoto, hendo inapigana na wewe kama mbuzi wa sikukuu. Tairi ya tatu haina njia! Barabara zile zilichongwa na Land Rover na malori, kwa vipimo vya Land Rover na malori. Wazee wanasema gari lao lilikuwa kiboko. Mimi nasema barabara ilikuwa yao. Hiyo tofauti hawataki kuisikia, na mimi siachi kuisema.

Halafu lami ikatimba. Kigoma tulikuwa wa mwishomwisho nchi hii, mikoa mingine imeshazoea mpaka inaichoka, sisi bado tunakula vumbi. Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu mpaka Manyovu kule mpakani na Burundi, kilomita 260, na hela ya Benki ya Maendeleo ya Afrika ikiwemo. Kasulu kushuka Kidahwe, 63 nyingine. Lami haina mgongo katikati, mwanangu. Tairi ya tatu ikapata pa kukanyaga, na mji ukabadilika. Mama mwenye ndoo mbili za mawese hashuki tena kilima kwa miguu. Mwalimu anafika shule na viatu vyenye rangi yake. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu anajaza bajaji na godoro, jiko la gesi, ndoo na begi, yeye mwenyewe anakaa juu ya godoro kama mfalme.

Haya, tuwe waungwana. Michuma ya wazee ilikuwa na vituko, na mimi vituko vya gari navipenda kuliko pilau.

Land Rover 109. Hiyo 109 ni inchi, kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma. Bodi aluminiamu, maana Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha kutafuta kwa tochi. Ndiyo maana haiozi. Ikifa, mafundi wanaiyeyusha, na unaweza kuwa unakula maharage yaliyopikwa kwenye sufuria iliyowahi kuwa mlango. Betri ikigoma, kuna hendo ya chuma unaichomeka mbele puani, unazungusha injini kwa mkono. Sasa hapo kuna siri: dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine, halizunguki hendo. Injini ikirudisha nyuma, dole lililozunguka linavunjika. Ukitaka kumjua dereva wa zamani huku kwetu usimuulize leseni. Muangalie dole gumba.

Na Land Rover ya kwanza kabisa ilionyeshwa kwa watu mwaka gani? 1948. Rudi juu kidogo kasome mwaka wa Nyuki wa Italia. Umeona? Hiyo silaha niliiweka mfukoni, nikasubiri siku ya babu.

Kulikuwa na Volkswagen ya mgongo wa kobe, ambayo wazee wanaisifia mpaka povu: "Injini nyuma! Haina maji, inapozwa na upepo!" Mzee wangu, injini nyuma, inapozwa na upepo, hiyo si ndiyo bajaji? Kimya. Kahawa inanywewa haraka haraka. Kulikuwa na Peugeot 504, taa zake za mbele zimelegea kama macho ya mtu aliyeachwa jana. Kulikuwa na Datsun, kulikuwa na Scania zilizounganishwa hapa hapa nchini, TAMCO Kibaha. Na kwenye barabara yetu kulikuwa na enzi za watekaji, mabasi yanasubiriana yaende msafara na polisi wenye bunduki, abiria wanaficha hela kwenye soksi. Hapo wazee wakisimulia mimi naacha utani, naweka simu chini.

Ila wakifika kwenye miaka ya themanini, utani unarudi. Mafuta yalikuwa haba kiasi kwamba gari binafsi Jumapili zilikatazwa barabarani kuanzia saa nane mchana. Yaani una ndinga, una demu, ni Jumapili, saa nane kasoro robo unaangalia saa kuliko unavyomwangalia yeye. Na hao hao ndio wanatuambia vijana wa leo hatujui starehe!

Halafu zikaja nyeupe. Kila dogo wa Kasulu na Kibondo amekua na zile Land Cruiser nyeupe za mashirika, zile mkonga, antena ndefu inayumba mbele kama fimbo ya kuvulia. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imefunguliwa 1996 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, Nduta ikafunguliwa tena 2015 Warundi walipokuja kwa wingi, na kila shirika lilishusha mkonga zake. Kwa dogo wa kitaa, dereva wa mkonga ndiye alikuwa staa. Miwani myeusi, redio ya mawimbi inakoroma, kioo kimefungwa, vumbi lote tunakula sisi. Tulikuwa tunazichonga kwa mti wa muhogo, tairi tunakata kwenye ndala. Ndala za nani? Za babu. Alitembea peku wiki nzima anatafuta mwizi, na mwizi alikuwa na mkonga tatu na trela.

Sasa hivi mkonga zimepungua mvuto. Sasa hivi ni mapicha. Crown ndiyo inayoongoza kwa kuuza sura. Harrier tako la nyani bado ina heshima zake. IST ni ya mwalimu aliyepata mkopo. Krismasi ikikaribia, wana wanapanda kutoka Dar na Crown zilizolala chini kama nyoka, muziki juu, kioo cheusi. Freshi kabisa kwenye lami. Halafu bi mkubwa kijijini anasema njooni mle, na kijijini hakuna lami. Nimeiona kwa macho yangu: Crown nyeupe imekaa tumbo juu ya mgongo wa barabara, tairi zote nne zinazunguka hewani, jamaa kashuka na raba nyeupe, anapiga simu hakuna mtandao. Aliyekuja kumchukua ni bajaji. Alipakia zawadi zake zote, akakaa katikati. Nauli? Siku ile haikuwa buku.

Na michomoko ipo, Probox zile zinazopaa Kasulu–Kibondo, mbele watatu na dereva, nyuma wanne, kwenye buti wawili na jogoo. Probox ni bajaji iliyoongezewa tairi, basi. Usibishe.

Tuongee bei, maana hapa ndipo masela wanapoumia. Bajaji mpya inacheza karibu na milioni kumi. Hiyo hela dogo wa mtaani hana. Kwa hiyo anaingia mkataba: bosi anatoa chombo, dogo anatoa hesabu ya kila siku, muda ukiisha chombo kinakuwa chake. Mshikaji wangu alisaini buku ishirini kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kumi na nane. Piga hesabu na mimi. Siku 468. Milioni tisa na laki tatu na sitini elfu. Kwa nauli ya buku, hao ni abiria 9,360 ambao hela yao hata hukuishika vizuri, imeenda kwa bosi. Hapo hujaweka mafuta. Hujaweka tairi. Hujala hata chapati. Siku ya mvua nje hakuna mtu ila hesabu iko pale pale. Siku mtoto anaumwa, hesabu. Siku ya msiba, hesabu.

Kwa hiyo ukimwambia dereva "mia tano basi, hapo karibu", jua unaongea na mtu aliyeamka saa kumi alfajiri na anadaiwa abiria ishirini kabla hajaanza kuishi. Mpe buku yake. Mimi hapa sina masihara.

Na sheria inasema abiria watatu. Nyuma watatu, mwisho. Kitaani wawili wengine wanabandikwa mbele na dereva, kila mmoja tako moja ndani, tako moja linapigwa na upepo. Wanaita siti ya VIP. Ukimpeleka demu wa kwanza kula chipsi halafu dereva akakubandika VIP na yeye akaachwa nyuma katikati ya wazee wawili wenye vifurushi vya dagaa, hilo penzi limeishia hapo hapo. Lipia siti zote tatu, mwanangu. Buku tatu tu. Heshima ina bei, na hapo ni bei rahisi.

Usiku mmoja dada yangu alishikwa na uchungu. Saa tisa, mvua, njia ya kijijini. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali na jirani mwenye gari hakupokea simu. Nikampigia mshikaji. Dakika ishirini na tano nikaona taa za bluu na kijani zinashuka kilima, pazia la dhahabu linapeperuka. Alikuwa amezima muziki. Tulimlaza dada nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama, mimi nikakaa VIP nikishika turubai mvua isiingie. Jamaa aliendesha kama amebeba mayai, na kila kwenye shimo alisema "samahani dada, samahani dada" mpaka tulipofika. Mtoto wa kike. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuleta pikipiki 400 za tairi tatu kubebea wajawazito, na nakumbuka wazee walivyocheka, eti mtu atazaaje kwenye pikipiki. Mpwa wangu sasa anakimbia, na akisikia mlio wa bajaji popote anapunga mkono. Mshikaji nilimpa msimbazi usiku ule. Aliukunja, akaurudisha kwenye mfuko wa shati langu.

Mwezi uliopita akamaliza mkataba. Hesabu ya 468. Alitoka kwa bosi na kadi mkononi, akakaa chini pembeni ya bajaji, akachukua kisu na kitambaa chenye mafuta ya taa, akaanza kubandua jina la bosi ubavuni. Herufi moja moja. Hakuongea. Alipomaliza akafuta mikono.

"Tusepe Kibondo," akasema. "Nataka babu yako aione."

Tuliondoka na baridi. Makere watu wanafungua vibanda. Kwenye lami ndefu bajaji inaimba wimbo wake mmoja, na basi likikupita upepo wake unakusukuma pembeni, kisha unakuvuta, unashika chuma cha pembeni na unacheka. Daraja la Malagarasi tulisimama injini ipumue, ukungu umekaa juu ya maji. Busunzu tukanywa chai na mihogo. Madogo walikuwa wanakimbia nyuma yetu kila kijiji. Tulifika kwa babu jua limeshachangamka, nyuso zetu zimepigwa na upepo mpaka zimekakamaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Naona baiskeli yenu imefika bila kuanguka."

Nikasema leo ndio leo. "Babu, Land Rover imezaliwa mwaka gani?"

"Arobaini na nane." Hapo hakufikiri hata kidogo.

"Na ukoo wa hii bajaji umeanza arobaini na nane hiyo hiyo. Italia. Ni rika moja."

Babu akaizunguka bajaji taratibu. Akagonga turubai kwa kidole. Akainama, akaangalia ile tairi ya mbele kwa muda mrefu.

"Basi huyu mwenzake," akasema, "alidumaa."

Wazee wa jirani walicheka mpaka mmoja akatafuta kiti. Mshikaji naye anacheka, lakini macho yake yalikuwa yameshahamia chini ya mwembe. Akasogea kwenye ile 109. Akafungua boneti. Akafukuza kuku. "Babu, hii mara ya mwisho kuwaka ni lini?" Babu akataja mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa.

Jamaa akavua koti. Plagi akazitoa, akazisugua kwa msasa. Platini akazipiga msasa nazo. Petroli nusu lita kwenye chupa ya maji, mpira mwembamba, moja kwa moja kwenye kabureta. Halafu akaenda kwenye bajaji yake, bajaji aliyoimiliki siku nne tu, akachomoa betri. Volti kumi na mbili ni volti kumi na mbili. Akaanza kufunga waya, na babu akaruka kama kijana:

"Chanya kwenye bodi! Hii ya zamani, chanya inakwenda kwenye bodi!"

Tukamtazama. Mzee hakuwa anatania. Waya zikageuzwa.

Hendo nikaishika mimi. Babu akanisogelea, akanikunjua dole gumba kwa mkono wake, akaliweka upande mmoja na vidole vingine. La kwake limepinda kuelekea nje, halijawahi kunyooka tangu nimfahamu. Nikazungusha. Kimya. Nikazungusha. Ikakohoa. Mara ya tatu hendo ikarudi nyuma kwa hasira, ikaniponyoka, na dole langu likiwa salama. Mara ya nne chuma kikanguruma, moshi mweusi, majani ya mwembe yanadondoka, manyoya ya kuku yanatoka chini ya dashibodi kama theluji ya kwenye filamu, na mayai mawili yakabingirika kwenye siti yakapasukia sakafuni. Wazee wote wamesimama. Babu kaweka mkono kwenye bodi, kiganja wazi, anausikiliza ule mtetemo.

Dakika moja hivi. Chupa ikaisha, ikazima.

Kimya kikakaa. Mshikaji akachomoa betri yake, akaifuta vumbi, akairudisha kwenye bajaji. Akaja mbele ya babu, akanyoosha kiganja.

"Babu, buku tu."

"Ya nini?"

"Ya umeme."

Babu akamkazia macho. Akaingia ndani ya Land Rover, akapekua chini ya siti, kwenye majani ya kiota, akatoka na kitu amekifumbata. Akakiweka kwenye kiganja cha jamaa: sarafu ya shilingi tano, dala ya enzi hizo, sura ya Nyerere bado inaonekana.

"Chenji ukae nayo," akasema babu. "Na kesho mje na lita tano."